Kata Iliyopasuliwa Ipuli

Mama Mathias hulea watoto wa wenzake uani kwake Ipuli, mjini Tabora, na miaka nenda rudi aliwanywesha wote uji kwa kata moja ya kibuyu. Huyu funda, yule funda. Ndivyo alivyolelewa yeye kule kijijini Goweko, na nani angemwambia kitu?

Mwaka 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, naye akafunga geti. Miezi mitatu mjukuu wake Xavery, bingwa wa mafua, hakupiga chafya hata moja. Bibi akaamini mafua yamekwisha Tabora nzima. Shule zilipofunguliwa akawapokea watoto kwa vifijo, na kata yake mkononi.

Wiki haikuisha, ua mzima ukawa unakohoa. Yustina, kitoto cha miezi saba, akawa anahema mbavu zikibonyea ndani, akalazwa hospitalini, akawekewa oksijeni siku nne. Muuguzi akamweleza Mama Mathias kwamba virusi vya mafua havikufa. Vilikosa njia tu watoto walipokaa kwao. Aliyezaliwa karibuni hajawahi kukutana navyo, basi vikimpata vinampiga kisawasawa. Mama Mathias alirudi nyumbani akaipasua kata kwa shoka. Alijichukia sana siku ile.

Yustina alipona. Tangu hapo kila mtoto ana kikombe chake chenye uzi wa rangi yake, mikono huoshwa getini, na anayekohoa hubaki kwao mpaka apone.

Julai mwaka huu Levina, muuza mchele sokoni, alimleta mwanawe Eliya kamasi zikimchuruzika. Uani alikuwepo mtoto wa miezi miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Rudi naye, mwanangu."

"Jamani mama, korona si ilishaisha!"

"Korona imeisha. Kamasi zimeisha?"

"Mafua tu haya! Nikikaa naye nitauza saa ngapi? Nampeleka kwingine, na wenzangu nitawaambia."

"Waambie. Usisahau kunitaja jina."

Kufikia Ijumaa watoto watano walikuwa wamehamishwa. Ilimuuma, tena sana, maana watoto hao ndio ugali wake. Lakini aliosha vikombe vyote kumi na viwili, hata vya waliohama, akavitundika getini kila mpita njia avione.

Jirani akamuuliza vile vitano ni vya nani tena.

"Vya wanangu," akasema. "Wakirudi wazima, uji upo. Kata ndiyo haipo."