Mbwa wa Bure wa Kambarage

Mzee Nkwabi alikuwa na namna yake ya kunadi mbwa: anaanza kwa kumtukana. Mtu anaingia pale bandani, mtaa wa Kambarage, nyuma ya duka la dawa za mifugo la Dokta Theonest, anauliza, "Mzee, huyu mweusi vipi?" Nkwabi anakohoa kwanza, anamtazama mbwa kama mkwe aliyemtia aibu ukweni.

"Huyo? Mwizi wa maandazi huyo. Na mchana kutwa ni kulala tu. Ila usiku, baba, hata mjusi hapiti."

Mtu anacheka, anamchukua mweusi wake, anaondoka ameridhika.

Kazi hiyo ilimkuta ameshazunguka sana. Ujana wake uliishia Geita kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ambayo mtu anaingia na matumaini anatoka na vumbi. Nkwabi alipata nini huko? Alipata kikohozi, basi. Akarudi Shinyanga, akapanga chumba kwa mama mmoja mwenye bata wengi na maneno mengi, na Dokta akamwomba awe anawapikia mbwa wake. Mbwa wenyewe ni wa kuokota, wa stendi, wa sokoni, wa dampo. Dokta anawachoma chanjo, anawapiga picha, anazirusha kwenye simu, na wenye kutaka wanakuja kuchukua bure.

Hilo neno "bure" ndilo lililokuwa linamkera Nkwabi.

Kwao, kule upande wa Songwa, mbwa hatolewi bure. Unayemchukua mbwa unaacha kitu: jembe, kuku, hata bakuli la chumvi. Mwenye mbwa akishakipokea kwa mkono wake, amekata. Hamwiti tena yule mbwa, hata akimwona njiani. Ukimchukua mikono mitupu, basi umeazimwa tu, na cha kuazima kinarudi. Nkwabi aliyajua haya tangu anachunga ng'ombe. Alikuwa na mbwa wake wa machungani, wa rangi ya majivu, ambaye mvua ikinyesha walijifunika wote shuka moja, na anayenuka haikujulikana ni nani kati yao. Baba yake, mzee Jilala, akamtoa kwa mjomba wa kijiji cha ng'ambo ya mto kwa jembe moja. Nkwabi alikwenda akasimama kwenye ukingo, akapiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Mbwa alikuwa ng'ambo pale, anaonekana kabisa. Aliinua masikio, akatazama, akalala tena. Jembe lilikuwa limeshapokelewa.

Sasa, Dokta ni msomi wa Bukoba, ungemweleza hayo angecheka mpaka miwani idondoke. Kwa hiyo Nkwabi hakumweleza. Akawa anajipangia mwenyewe. Kila anayechukua mbwa, akifika getini, Nkwabi anamwambia polepole, "Niachie hata kiberiti, baba." Watu wanadhani mzee anataka kuwasha sigara. Wanamwachia kiberiti, na mbwa anakaa alikokwenda. Chumbani kwake kulikuwa na viberiti vya kuchomea msitu.

Mpaka alipoletwa Shemeji.

Shemeji alikuwa kijana wa mbwa, mwekundu kama udongo wa kichuguu, sikio moja limesimama, lingine limelala. Alitoka stendi ya mabasi, na tabia za stendi zilimkaa: kila anayeingia anapokelewa. Anatikisa mkia mpaka kiuno kinapinda, anakulalia miguuni, anakulamba viatu. Nkwabi akampa hilo jina siku ileile, maana, alisema, anachangamkia watu kama shemeji anayetaka soda.

"Na wewe umezidi," alimwambia akimpakulia ugali. "Mtu hujamjua, umeshamlamba. Akiwa mchawi je?"

Shemeji akamlamba na yeye.

Jioni, kazi zikiisha, Nkwabi alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, Shemeji kichwa pajani, anamsimulia habari za zamani. Mvua za machungani. Michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyochemshwa na karanga. Wimbo ambao wanaume waliuimba wakilima pamoja, ambao sasa amebakiwa na kipande cha katikati tu, mwanzo umepotea na mwisho umepotea. Ukimsimulia mtu mambo kama hayo anatazama simu. Shemeji alikuwa anasikiliza mpaka usingizi unamchukua.

Wa kwanza kumtaka alikuwa Meshack, mwenye duka la mabati. Nkwabi alimkabidhi kamba, akamsindikiza hadi getini, na kiberiti hakuomba. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kama mfuko wa saruji. Haikupita wiki, Shemeji huyo, amerudi mwenyewe, ulimi nje, kakatiza mji mzima.

"Ajabu," alisema Dokta.

"Ajabu sana," alisema Nkwabi, tayari anasonga ugali.

Wa pili akawa Adam, mnunuzi wa dhahabu, akampakia garini mpaka Geita. Nkwabi akamtoa bure tena, ila safari hii alikosa raha, maana Geita mbwa harudi kwa miguu. Mwisho wa mwezi gari likaonekana, Adam akashuka amekunja uso.

"Mzee, shikamoo. Chukua mtu wako."

"Marahaba. Kafanya nini?"

"Nimemweka alinde viroba vya mawe ya dhahabu. Wezi wamekuja, kawapokea! Kawasindikiza mpaka barabarani! Majirani wanasema alikuwa anatikisa mkia njia nzima."

Nkwabi alijitahidi asicheke, ikatoka kikohozi. Shemeji alikuwa ameshapanda kwenye miguu yake.

Raha hiyo iliisha Dokta alipomwita dukani. "Mzee, mwenye kiwanja anajenga fremu za biashara. Mvua zikianza banda linabomolewa. Nataka kila mbwa awe amepata kwake."

"Na atakayebaki?"

Dokta akafuta miwani, ingawa ilikuwa safi. "Mimi naishi ghorofani. Wewe una mama wa mabata. Atakayebaki tutamrudisha stendi, na pale unayajua mabasi yanavyoingia."

Siku zile Nkwabi alipika vibaya. Alikwenda hata kumbembeleza mama mwenye nyumba, akaanza na "mama yangu" na "mwanamke mwenye huruma," mama akamkatisha: "Mbwa akiingia, wewe unatoka." Banda likawa linapungua, viberiti vinaongezeka. Wakabaki wawili, halafu akabaki Shemeji peke yake, kila asubuhi anampokea Nkwabi kama mtu aliyerudi kutoka Ulaya.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa alipokuja mama mmoja na bajaji ya mizigo. Alikuwa wa umri wa Nkwabi, kitenge kimefungwa vizuri, kuku aliyefungwa miguu kwa kamba yuko kwapani.

"Mwadila," akasalimia, salamu ya Kisukuma ya mchana.

Nkwabi alijikuta amesimama wima. Wakasalimiana mpaka wakamaliza, ng'ombe, mvua na watoto, kama inavyotakiwa. Alikuwa anaitwa Mama Dorika, anatoka Songwa. Mume alishafariki, watoto wote wamekimbilia Geita kwenye dhahabu.

"Na wewe ng'wana nani?" akauliza, yaani mtoto wa nani.

"Ng'wana Jilala."

"Jilala wa ng'ombe wenye pembe za chini? Basi wewe ni wa kwetu." Akamgeukia Shemeji, aliyekuwa ameshalala chali mbele yake. "Picha yake niliiona kwa simu ya mwanangu. Anabweka?"

"Habweki. Mlinzi si huyu, nisikudanganye. Mwizi akija atamwonyesha na choo kilipo."

"Nani kakwambia nina cha kuibiwa? Nyumba iko kimya, baba. Napika, naongea na sufuria. Nataka wa kumsemesha. Anasikiliza?"

Nkwabi alitazama ile ndoo yake. Hapo angeweza kusema neno moja baya tu, mama akaondoka. Alikuwa nayo mengi, ndiyo kazi yake.

"Anasikiliza," alisema.

Mama Dorika akamtoa kuku kwapani, akamnyoosha mbele.

"Aaa, mama, hapa tunatoa bure."

"Bure?"

"Bure kabisa. Ndiyo utaratibu wa Dokta."

Mama akamtazama kuanzia kandambili mpaka kofia, akacheka taratibu. "Ng'wana Jilala, unanipa bure ili arudi?"

Mzee mzima, amekamatwa kama mtoto aliyedokoa nyama. Shemeji alikuwa anamtazama huyu, anamtazama yule, mkia unapiga vumbi.

"Akirudi hapa atakuta nini?" Mama Dorika aliuliza, sasa hacheki. "Naona hata mabati mmeanza kuyatoa. Shika kuku huyu, baba. Mkono unaniuma."

Nkwabi alifuta viganja kwenye suruali, akampokea kuku kwa mikono miwili. Akamkabidhi mama kamba. Shemeji akaenda naye bila ubishi, kama alivyokwenda na kila mtu, akaruka kwenye bajaji, akakaa kati ya gunia la pumba na ndoo. Injini ilipowaka ndipo alipogeuka. Sikio lililolala likainuka nalo, yote mawili yakasimama, yanasubiri kuitwa.

Jina lilikuwa limeshafika ulimini. Nkwabi alilimeza, akageukia ukutani, akasimama hivyo mpaka mlio wa bajaji ukapotea.

Dokta akachungulia dirishani. "Mzee, na huyu tumsubiri wiki ijayo?"

"Hapana, Dokta. Huyo nimemtoa."

Akainama kumfungua kuku miguu.