Mbegu ya Uwele, Mbegu ya Kware

Niliporudi Dodoma kutoka pwani nilikuwa na cheti cha shule ya serikali, viatu vya ngozi na kofia, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Sikurithi ng'ombe. Nilijijenga mwenyewe. Nikapata kiwanja pembeni mwa mji, nyuma ya stesheni, na uani nikaanza kufuga kware.

Wagogo hatufugi ndege wa porini. Utoto wetu ni kukaa juu ya dungu shambani, kombeo mkononi, kufukuza ndege wasimalize uwele. Jirani yangu, muuza nguo ambaye babu yake alikuja na misafara, alinisimanga kila asubuhi.

"Bwana msomi, wenzako wanawafukuza, wewe unawatandikia mkeka!"

Nilimwacha acheke. Wazungu wa reli walipenda nyama ya kware, na aliyewapelekea ni mimi.

Kuwanasa si kazi, kwa maana baada ya mavuno hujaa kwenye mabua. Kazi ni kuwafanya wazaane. Kware akishtuka huruka juu wima na kujipasua kichwa, kwa hiyo nilitandaza kitambaa laini chini ya paa la banda. Majike wakifungiwa hutaga ovyo mchangani wala hawaatamii, kwa hiyo mayai niliyaweka chini ya kuku. Vifaranga ni wadogo kama mende, na nilijaza kokoto kwenye chombo chao cha maji wasizame. Hayo niliyagundua mwenyewe, na mpaka leo sijaona aliyenizidi.

Kisha mvua ikakosa, na mwaka wa pili ikakosa tena. Wazungu wa reli walikuwa wamehamisha kambi yao kuelekea magharibi, nami sikuwa na wa kumuuzia. Tukaanza kuwala kware wenyewe, mimi na mke wangu, pamoja na kuku aliyewaatamia, mpaka likabaki dume moja na majike wachache. Hao nikasema hawaguswi. Mvua ikirudi, ningeanza upya nao. Bila hao, nilikuwa mtu mwenye cheti na banda tupu.

Ndipo mama yangu akaja kwa miguu kutoka kijijini, mbele ya Chamwino. Nilimtambua kwa sauti tu, aliponisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu."

"Shikamoo, mama. Karibu, kaa."

Alikaa chini palepale mlangoni. Alikuwa amebeba kibuyu kilichozibwa kwa nta. Mke wangu alikitazama, akameza mate.

"Mama, ni chakula?"

"Ni mbegu," mama akasema, akakivuta mapajani.

Tuliishi kwa mizizi na majani makavu ya mlenda. Kware nao nafaka iliwaishia. Wakaanza kudonoana, manyoya yakawatoka mgongoni. Siku moja nilichuchumaa mbele ya mama, mimi niliyezoea kuombwa, nikaomba.

"Mama, nipe konzi moja tu ya ule uwele. Si wa kula sisi. Ni wa ndege."

Aliweka kiganja juu ya nta ya kibuyu.

"Baba, nimezika wadogo zako wawili nikiwa na kibuyu hiki ndani ya nyumba. Sikukifungua. Leo nikifungulie kware?"

"Nao ni mbegu, mama. Wakifa hawa nimekwisha."

"Mbegu hailishwi mbegu. Hiyo yako ina nyama."

Nilitoka nje. Nilimchukia kwa neno hilo, maana nilijua ni kweli. Kwa juma zima nilichimbua mchwa kwenye ardhi iliyokauka kama kigae, nikawapelekea ndege mchwa wachache niliopata, na kila niliporudi mama alikuwa ameegemea ukuta zaidi kuliko nilivyomwacha. Mwisho hakuweza kushika kata ya maji. Mke wangu alisimama mlangoni pa banda, kisu mkononi.

"Utawatoa wewe au niwatoe mimi?"

Niliwatoa mimi. Walikuwa wamenizoea, walikuja wenyewe mkononi, wakitafuta nafaka kwenye kiganja. Dume nililitoa la mwisho. Mke wangu aliwachemsha pamoja na vichwa na miguu, nami nikamnywesha mama mchuzi kijiko kwa kijiko. Siku ya tatu alitafuna mfupa.

"Kumbe ni watamu hivi!" akasema. "Nami miaka yote nawarushia mawe wasitue."

Mke wangu alicheka mpaka akalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza uani, hakuna kitu.

Mchuzi ulikwisha, na mama alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe. Njia iliyobaki ilikuwa moja. Pale stesheni walikuwa wanatoa posho ya nafaka kwa wanaobeba mataruma, vyuma vya kulalia reli, kuyapakia yapelekwe magharibi. Nilikuwa nimeapa mbele ya jirani kwamba mtu mwenye cheti habebi chuma begani. Nilivua viatu, nikavaa shuka, nikapita mlangoni kwake mchana kweupe.

"Bwana msomi, unakwenda wapi?"

"Kazini," nikamjibu.

Nilibeba. Bega lilichubuka siku ya kwanza, siku ya pili likatoa usaha. Lakini ulizeni hata leo, hakuna kwenye kundi lile aliyebeba zaidi yangu. Jioni nilimwekea mama posho mbele yake. Alichukua punje moja, akaing'ata, akatikisa kichwa.

"Hii imekaa sana ghalani, haiwezi kuota," akasema. "Hii tunaweza kula."