Neno Alilonipa Mwalimu wa Kiingereza

Harufu ya chaki na sweta zilizolowa mvua ilitupokea kila asubuhi katika shule yetu ya Musaga, Bujumbura, wakati wa vita, mwaka nilioanza kujifunza Kiingereza. Mwalimu wetu alikulia Uganda, na Kifaransa chetu hakukijua. Siku moja, tulipozidi kelele, aligonga ubao akapaza sauti: "Attention!" Darasa zima likaingia chini ya madawati. Kwetu neno hilo lilikuwa la Kifaransa na lilikuwa na maana moja tu: hatari, lala chini. Kumbe yeye alitaka tumsikilize. Tulipojitokeza tumejaa vumbi, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sisi hatukucheka.

Siku hiyohiyo akatufundisha neno la mtu ambaye akili yake haipo mahali alipo, distracted, akaninyooshea kidole niwe mfano. Kweli, macho yangu yalikuwa dirishani. Kutoka kwenye kiti changu niliiona barabara ya Kanyosha, ambako mama alikwenda kila asubuhi kununua mboga za lengalenga za kuuza, na mpaka nikione kitenge chake cha njano kikirudi, hakuna somo lililoniingia. Wenzangu wakanibandika neno lile kuwa jina. Mwalimu akamwita mama.

"Mama, mtoto wako ana akili, lakini kichwa chake hakiko hapa."

"Mwalimu, ananiangaliaka mi tu," mama akajibu. "Umuache apo ku dirisha. Nikisha kupita, atasoma."

"Hapana, mama. Hapa ni shule."

Akanihamishia kiti cha mbele, mgongo wangu ukaelekea dirishani, akanionya kwamba nikigeuka tena nisirudi darasani kwake. Mama aliniambia nitii. Nikatii, roho ikiniuma.

Haikupita wiki. Asubuhi moja nilitunga sentensi kwa neno lile lile, bila kosa hata moja, mwalimu akanisimamisha anisifu. Alikuwa bado ananipigia makofi milio ilipoanza upande wa Kanyosha, nasi tukajitupa sakafuni. Mama hakurudi. Msichana aliyepewa kiti changu alimwona akikata kona, kapu kichwani, muda mfupi kabla ya risasi. Najua nisingeweza kumwokoa. Lakini macho ya mwisho kumtazama akiwa hai yalipaswa kuwa yangu, si ya mtoto wa watu ambaye hata jina la mama hakulijua.

Siku hizi Bujumbura kila mtu analalamika kwamba watoto hawatulii, simu zimewateka. Mwanangu naye ameletewa lawama hizo kutoka shuleni, na mume wangu hushangaa kwa nini simgombezi. Nimgombeze kwa lipi? Anaota mpira, anaota vichekesho, na mama yake yuko nyumbani. Mimi akili yangu haikupotea hata siku moja. Ilijua pa kukaa, mtu mzima akaing'oa pale kwa nguvu, kisha akanipigia makofi.