Hasira Isiyo na Mwenyewe

Mwezi uliopita niliingia kwenye hoteli moja pale Kakamega mjini, nikaagiza chai na mandazi mawili. Nilikuwa na njaa na sikuwa na ugomvi na mtu. Ukutani kulikuwa na televisheni kubwa, na ndani yake, katika filamu, watu wa mji fulani walikuwa wakikimbizana barabarani, macho mekundu, wakirarua chochote kilichokuwa mbele yao. Mhudumu, kijana mpole, aliona nimekodoa macho akanieleza bila kuulizwa: "Si makosa yao, mathe. Ni ugonjwa umewaingia. Mwisho watapona." Nililipa, nikaiacha chai ikiwa imejaa, nikatoka. Kijana yule hakunikosea lolote, lakini ningeweza kumzaba kofi.

Acha nikueleze kwa nini, na uniwie radhi nikipandisha sauti.

Mimi ni mtoto wa upande wa Shinyalu, kule ambako njia ya miguu inapita kati ya mahindi na vipande vya chai mpaka ukingo wa msitu. Nililelewa na nyanya, mama yake mama yangu. Miaka hiyo ya tisini ukiniuliza raha ni nini, ningekuambia ni jikoni kwa nyanya mvua ya saa tisa ikipiga mabati: moshi wa kuni mbichi, mboga ya mrenda ikichemka na magadi, obusuma, ugali wetu, inayogeuzwa hadi mwiko unasimama wenyewe. Kazi yangu ilikuwa maji ya chemchemi, kuni, na kuchambua kunde. Ingokho, yaani kuku, alichinjwa akija mgeni, na mimi nilipewa shingo. Nyanya hakunipiga hata siku moja. Alikuwa na neno lake moja tu la kunirudi: "Mtoto amepewa masikio. Mdomo ni wa wakubwa." Nilimpenda mpaka leo nampenda, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Jirani yetu alikuwa na vitu viwili vilivyompa heshima: fahali wa kupigana na televisheni. Fahali alilishwa nyasi za kuchaguliwa na molasi kutoka kiwanda cha sukari, na hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kupita karibu na zizi lake wiki ya pambano. Televisheni ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, imefunikwa kitambaa cha kudariziwa. Jumapili saa kumi tulipanga mstari mlangoni kuosha miguu kwenye karai, kisha tukaketi sakafuni, wakubwa kwenye mabenchi. Nje mtoto mmoja alizungusha mwanzi wa antena. "Imekuja?" "Bado! Rudisha! Hapo hapo, usipumue!"

Umeme haukuwa umefika kwetu. Televisheni ilitumia betri ya gari, na betri ilimtegemea fundi. Huyu alikuwa mtu wa Malava aliyepanga kibanda sokoni, akivuta umeme kutoka kwa mashine ya dizeli ya kusaga unga. Alitengeneza redio za kijiji kizima, akachaji betri, na kazini alipiga mluzi wa nyimbo za kanisa. Kibanda chake kilinuka lehemu. Alikuwa na vidole vyembamba ambavyo viliweza kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya wimbi, na vipande vya shaba vilivyobaki alitupatia sisi wasichana tutengeneze bangili. Sijawahi kumsikia akimwinulia mtu sauti.

Sasa, kipindi chenyewe. Kilikuwa cha mji mmoja wa Ulaya ambako mvuke ulitoka chini ya kiwanda, na mtu akiuvuta alishikwa na hasira. Akimgusa mwingine, naye akashikwa. Kila Jumapili ilikuwa hivyo: mtu mmoja, kisha kumi, kisha soko zima wakimkimbiza muuza mkate. Na kila Jumapili, kabla ya kwisha, mvuke ulipungua, watu wakasimama, wakatazama mikono yao, wakaulizana kumetokea nini. Hakuna aliyekumbuka. Walikumbatiana. Mwalimu wetu wa darasa la tano aliketi benchi la nyuma akiwafasiria wazee, na kila mara alimalizia kwa maneno yale yale: "Hawa si watu wabaya. Wameambukizwa tu." Wazee walitikisa vichwa kwa huruma. Sisi watoto tuliufanya mchezo. Ukiguswa, unaruhusiwa kumpiga yeyote mpaka mtu aseme "umepona," na hapo huwezi kushtakiwa kwa mama yako. Unaweza kufikiria jinsi tulivyoupenda.

Ijumaa moja jioni mke wa jirani alinituma kwa fundi. Betri imekwisha, mzee anataka ijae kabla ya Jumapili. Fundi alikuja na baiskeli yake. Mimi nilishika tochi akifungua nyaya. Aliingia kwa mlango wa mbele, akabeba betri, akatoka kwa mlango ule ule. Jirani mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake, akamwambia, "Fundi, usiniangushe." Fundi akacheka, akaifunga betri kwenye keria, akaondoka. Zizini hakufika. Nilimmulikia mpaka barabarani, kwa hiyo najua.

Jumamosi alfajiri isukuti, ngoma zetu, zikaanza kulia. Wewe kama hujawahi kumsindikiza fahali huwezi kujua: matawi mikononi, wimbo mmoja, vumbi, wanaume wazima wakiruka kama watoto. Mimi nilibaki nyumbani na nyanya, lakini habari ilitufikia kabla ya watu. Fahali wetu aligusana pembe na mwenzake mara moja tu, akageuka, akakimbia. Alikimbia mbele ya vijiji vinne.

Waliporudi ngoma zilikuwa zimenyamaza. Waliingia sokoni mnamo saa nne, na nyanya na mimi tulikuwa mlangoni petu, hatua chache kutoka kibanda cha fundi. Nilisikia kila kitu.

"Huyu ng'ombe amepewa kitu," mmoja alisema.

"Nani alikuwa kwa boma jana?"

"Si ni fundi? Huyo anakaa na maji ya betri. Hiyo maji inakula hata chuma."

"Na si mtu wa hapa."

Ilitosha. Fundi alitoka nje kusikia kelele ni za nini, bisibisi ikiwa bado mkononi. Nilimvuta nyanya kanga. "Kukhu, si yeye. Mimi nilishika tochi. Hakuenda kwa ng'ombe."

Nyanya alinitazama. Alinielewa vizuri. "Mdomo ni wa wakubwa," akasema.

Kisha akarudi jikoni. Aliteremsha sufuria ya maharagwe, akaifunika kwa sahani, akaweka jiwe juu kuku wasifunue. Alifunga kanga upya kiunoni. Halafu akatoka, akaenda kusimama na wengine, akapiga kelele pamoja nao, na nilimwona akiinama kuokota jiwe.

Fundi hakukimbia. Alimwona jirani katikati ya watu akamwita, kwa heshima kabisa: "Mzee, si wewe ulinituma? Si ulikuwa umeketi hapo? Waambie."

Watu walinyamaza. Nakuapia walinyamaza, wote, wakamgeukia jirani wamsikie. Neno moja lingetosha. Jirani alitazama kamba ya fahali iliyokuwa mkononi mwake. Alivua saa yake taratibu, akampa mkewe amshikie.

Sitakueleza yote. Walivunja kibanda, wakavunja redio ambazo zilikuwa zao wenyewe. Mtu alisema ni vidole hivyo vilivyochanganya sumu, basi wakavilaza juu ya kizingiti, wakavipiga kwa nyundo ya fundi mwenyewe, na maji ya betri wakayamwaga hapo hapo. Mwalimu alikuja akikimbia na toroli ya kubebea mchanga, akajitupa juu ya fundi, akala fimbo mbili tatu, kisha akampakia na kumsukuma mpaka barabara kuu kutafuta gari la hospitali. Hakuna aliyemsaidia kusukuma. Nyanya alirudi jikoni, akanawa mikono, akafunua sufuria. Maharagwe yalikuwa bado moto. Nilikula, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Wiki iliyofuata naibu wa chifu aliitisha baraza. Aliuliza nani alianza. Jirani akasimama, kofia mkononi, sauti ya majonzi. "Bwana naibu, hata sisi tunashangaa. Kitu kilituingia. Ni kama ile ya TV. Mtu mmoja ameguswa, mara wote. Mimi kwanza sikumbuki chochote."

"Hata mimi sikumbuki," akasema mwingine.

"Hata mimi."

Kauli ile ikazunguka uwanja mzima, mmoja baada ya mwingine, wanaume kwa wanawake, na ilipomfikia nyanya yangu naye akasema hakumbuki.

Mwalimu alisimama, jicho moja bado limevimba. "Mimi niliketi benchi moja na nyinyi. Nikatazama kila Jumapili. Tena mimi ndiye nilikuwa nafasiri. Mbona mimi haikuniingia?"

Mtu wa nyuma akajibu, "Wewe umesoma, mwalimu. Imekuogopa." Watu walicheka. Naibu wa chifu pia alicheka.

Kisha akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Nilikuwa nimeketi mbele kabisa, na watoto. Niling'oa majani ya nyasi, moja moja, mpaka akafunga mkutano.

Unajua uamuzi ulikuwa nini? Televisheni iombewe. Pasta alikuja Jumapili, saa ile ile ya kipindi, akaondoa kile kitambaa, akaweka mikono juu ya kioo na kumkemea pepo wa hasira atoke kwa jina la Yesu. Watu walilia. Mke wa jirani alianguka chini. Walimaliza kwa chai na viazi vitamu, na televisheni ikafungiwa mwezi mmoja. Waliombea sanduku la mbao na kioo. Fundi alikuwa amelazwa Kakamega mjini, safari ya saa moja, na hakuna hata mmoja aliyempelekea uji. Majuma machache baadaye fahali yule yule alipigana tena, akashinda, isukuti zikalia mpaka jioni. Hakuna aliyetaja sumu.

Ndiyo maana siwezi kuzivumilia hadithi hizi za hasira inayorukia watu kama kikohozi. Zinatazamika, sikatai. Watunzi wake wanatafuta namna ya kuonyesha umati bila kutafuta mhalifu, na mvuke ni kitu rahisi. Lakini mimi niliuona umati. Mtu aliyepagawa hawekei sufuria jiwe. Mtu aliyepagawa havui saa isije ikakwaruzwa. Wale walikuwa na akili zao timamu, kila mmoja, na walinyamaza kungoja kama mzee atawazuia. Hawakuambukizwa. Walipewa ruhusa. Na mimi niliyenyamaza barazani, sikuwa na hasira hata kidogo siku ile. Nilikuwa nimetulia kabisa.

Mengi ya kule yamekwenda. Nyanya amelala nyuma ya jiko lake ambalo halipo tena. Jirani alizikwa kwa sifa nyingi, mpenda amani, wakasema. Soko limejengwa kwa matofali, umeme uko kila nyumba, na mtoto wa leo ukimwambia tulikuwa tunaosha miguu ndipo tutazame televisheni anadhani unamtania. Ninayakosa, siwezi kukudanganya. Nikisikia isukuti mahali popote, miguu yangu bado inataka kwenda. Kisha nakumbuka, na ninakasirika upya.

Nilipotoka kwenye ile hoteli sikurudi nyumbani. Nilienda Malava. Niliuliza fundi wa redio wa zamani, mwenye mikono mibaya, na mtu wa tatu akanielekeza. Nilimkuta kwenye duka dogo la simu, mvi kichwani, vidole vimejikunja viganjani. Binti yake ndiye aliyeshika chuma cha lehemu. Yeye alikuwa akimwelekeza kwa mdomo: kushoto kidogo, sasa, inua.

Nilimwambia mimi ndiye niliyeshika tochi.

"Ulikuwa kwa mlango ya nyanya yako," akasema. "Nilikuona."

Nikaanza kusema. Nilisema yote kwa mkupuo, kwamba nilijua, kwamba nilimwambia nyanya, kwamba jirani alijua, baraza, maombi, fahali. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Binti yake alikuwa ameacha kazi.

"Mama," akaniambia, "hiyo yote mimi najua. Mimi nilikuwa hapo. Enda uambie wale wanasemanga hawakumbuki."

"Wengi wao wamekufa," nikasema.

"Lakini wewe uko," akasema, akamgeukia binti yake na kumwambia aendelee na ile waya.