Nyonga ya bandia, mbuzi ya Bibi, na kicheko kilichonirudia

Asalaam aleikum wakuu, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Mimi ni mama wa miaka themanini na kitu, wa Mji wa Kale, Mombasa. Simu naijua, msishangae. Haya yalinipata mwenyewe na sikuyatia chumvi. Chumvi yenyewe nimekatazwa.

Kuna mwenzetu aliuliza humu kama ukibadilishwa nyonga maisha hurudi kama zamani. Nitamjibu, ila lazima nianze na bibi yangu mzaa baba. Hiyo ni miaka ya arobaini, nyonga za bandia hata hatujazisikia.

Bibi ndiye aliyekuwa mwenye jiko. Nyumba ilikuwa na wakaza wana watatu, wake za wanawe, wote wapishi, lakini nazi alikuna yeye na tui alikamua yeye.

Kila asubuhi alikaa uani kwenye mbuzi. Kwa ndugu zangu wa bara: mbuzi ni kile kibao cha kukunia nazi, mbele kina ulimi wa chuma wenye meno. Unakikalia chini kabisa, magoti karibu na kidevu.

Mlio ule, krr krr, ndio ulioniamsha utoto wangu wote. Ningali naukumbuka, pamoja na moshi wa kuni na harufu ya wali ukipaliwa makaa. Wallahi nautamani ule ua hata kwa nusu saa.

Siku moja Bibi aliteleza kando ya birika la kuogea, akaangukia ubavu. Nyonga ikavunjika.

Wanawe walitaka kumpeleka hospitali, akakataa. Akaitwa mzee mmoja aliyekuwa akiunga mifupa, akamkanda kwa mafuta ya simsim na kumfunga vibanzi vya mianzi. Alilala miezi. Alipoinuka mguu mmoja ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu, na nyonga haikunjiki.

Kutembea alitembea, kwa mkongojo. Kukaa chini ndiko hakuweza, na asiyeweza kukaa chini hakuni nazi.

Basi wakaza wana wakalichukua jiko, kwa adabu zote. Kila akitokeza mlangoni huambiwa, "Pumzika, mama." Akapumzika mpaka akaanza kukonda. Chakula alikirudisha, anasema tui jepesi. Baba akaingiwa na hofu kwamba mama yake anakwenda.

Ndipo Bibi akamwambia, "Niitie seremala."

Seremala aliitia ile mbuzi miguu minne mirefu, kimo cha kitanda. Bibi akapanda juu, mguu mbovu kaunyoosha mbele, sinia limewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Akakuna nazi nne bila kupumzika. Wali wa siku ile aliupakua mwenyewe, na alikula.

Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa, na mdomo hauna kifuniko. Nilikwenda chuoni, tulikokuwa tukisoma Kurani, nikawaambia wenzangu, "Bibi yangu apanda mbuzi."

Tangu hapo Bibi akipita uchochoroni na mkongojo wake, watoto hulia "mee" nyuma ya milango.

Alijua ni nani aliyeanza. Nilingoja kofi, halikuja. Aliniita tu.

"Ndoo hapa. Wateka nini?"

Kwa Kimvita chetu ndoo ni njoo, na kuteka ni kucheka.

"Teka, mjukuu wangu, teka. Nyonga nawe unayo."

Akanipa kipande cha nazi, kama siku zote. Alifariki sijamuomba radhi, na hilo nimeishi nalo.

Sasa tuje kwangu.

Nyonga yangu ya kushoto ilisagika kwa uzee, nikafanyiwa operesheni, ikawekwa ya bandia. Kazi nzuri kabisa. Kesho yake nilisimamishwa, na yale maumivu yaliyokuwa yakininyima usingizi yakaondoka.

Masharti yalikuwa haya: usikae chini, goti lisipande juu kuliko nyonga, usikunje mguu juu ya mwenzake. Nikaitikia. Viti vifupi vyote nikavigawa.

Wiki ya sita wajukuu wangu wakanipikia kwa tui la paketi. La paketi, wakuu. Siku ya pili yake, walipotoka, nikaitoa mbuzi stoo.

Akilini mwangu sikuwa nakaa chini. Nilikuwa nakuna nazi. Hapa kwetu hakuna anayeita mbuzi kiti, na daktari hakuitaja.

Hata kifuu cha kwanza sikukimaliza. Nilisikia tok, mguu ukageukia ndani, nikabaki sakafuni nikimwita Mungu. Nyonga imeteguka.

Hospitali nilipokewa na daktari kijana wa bara, mpole.

"Mama, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi."

Akaandika. Akafikiri kidogo.

"Mbuzi mkubwa?"

"Wa kiasi tu," nikasema.

Asubuhi alikuja na wanafunzi wake, akawasomea faili: mgonjwa ameteguka nyonga akiwa amepanda mbuzi. Wanafunzi wakainamisha nyuso, mabega yanawacheza.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikalia, wakadhani ni maumivu, wakanipa dawa. Nilimkumbuka Bibi. Nilimuomba radhi pale pale kitandani, miaka sabini na zaidi imepita.

Nyonga walinirudishia bila kunipasua tena. Kuna wanaorudi kwenye kisu, kwa hivyo nashukuru. Nikaenda kwa seremala, nikamweleza ninachokumbuka: miguu minne, kimo cha kitanda, sinia juu ya kinu.

Basi jibu langu kwa aliyeuliza ni kwamba maisha hurudi, lakini yatakukuta umekaa pengine. Mweleze daktari kila unachokikalia, hata kile usichokiita kiti. Na kama ni mbuzi, mwambie ni ya nazi.

Waliobadilishwa nyonga, semeni na nyinyi yaliyowapata.

Na anayetaka kulia "mee" na alie. Ni zamu yangu.