Futa "Ta", Weka "Me"

Mtaani wanamwita Herufi. Ana miaka hamsini na mbili, na karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kilichojaa makopo ya rangi. Bango la kinyozi, la shule, la duka la dawa, yote ni mkono wake. K yake ina mkia mrefu. Kwa mkia huo watu humtambua. Kusoma alifundishwa na shangazi yake aliyemlea, kwa maandishi ya kwenye magunia.

Mwezi uliopita karani wa halmashauri alimshushia bango mlangoni: KISIMA CHA UMMA KITACHIMBWA HAPA.

"Wananchi hawatuamini tena, Herufi," alisema. "Wanauliza fedha zao ziko wapi. Na sisi kila bango linasema ta. Kitachimbwa, itajengwa, zitanunuliwa. Diwani anataka imani irudi. Futa ta, weka me."

"Kwani kimeshachimbwa?"

"Kaka, wewe mchoraji au mkaguzi?"

Herufi akacheka. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini.

Siku ya tatu baada ya bango kusimikwa, alipita kumjulia hali shangazi yake, akamkosa. Jirani alisema ameenda kuteka maji kwenye kisima kipya.

Jua lilikuwa la saa sita. Wanawake kama kumi walikuwa wamepanga foleni mbele ya bango, katikati ya uwanja mtupu. Hapakuwa na bomba, wala shimo, wala udongo uliofukuliwa. Wa mbele aliweka ndoo chini ya bango, akasubiri kiasi cha ndoo kujaa, kisha akaiinua kwa mikono miwili, mgongo umepinda, akaondoka taratibu asije akamwaga. Wa pili akasogea.

Herufi alichungulia ndoo iliyompita. Ilikuwa kavu. Buibui mdogo alikuwa akitembea mle ndani.

Wa nne alikuwa shangazi yake.

"Shangazi, mnafanya nini?"

"Tunateka maji. Panga foleni, acha ujanja."

"Maji yako wapi?"

Akamvuta karibu. "Usipige kelele," alinong'ona. "Mimi siyaoni. Siku ya tatu hii. Lakini mkia ule wa K naujua. Ulipoandika duka, duka lilikuwapo. Basi nikajua macho yangu ndiyo yamekwisha. Wenzangu wanayaona, huwaoni wanavyobeba?"

Mwanamke wa nyuma yake aliinamisha uso. "Hata mimi siyaoni," alisema.

Herufi alirudi karakana mbio, akaja na kopo la rangi nyeusi. Alijua nusu ya kazi zake hutoka halmashauri. Mbele ya foleni nzima alifuta KIMECHIMBWA, akaandika neno jingine. Kwa haraka yake, herufi zilipanda na kushuka.

Shangazi akasoma polepole. "Ha-ki-ja-chi-mbwa." Akatazama ndani ya ndoo yake. "Kumbe macho yangu mazima."

Kisha akamgeukia. "Sasa lile la kwanza ulikuja ukaona nini?"

"Sikuja, Shangazi. Niliandikia karakanani."

Shangazi alichukua ndoo yake kwa kidole kimoja, akaondoka.

Halmashauri haijampa kazi tangu siku hiyo, ila hilo halimsumbui sana. Juzi alimaliza bango la bucha mpya. Shangazi alikuja, akalipita bila kulitazama, akaupapasa ukuta wa jengo kutoka kona hadi kona. Ndipo akarudi kusoma.