Mbuzi wa Mama na Mto Mulongwe

Watu huniuliza kama wanyama wanasikia mvua mbaya kabla haijafika. Sijui. Panya labda, siafu labda. Mbuzi wa mama yangu hakusikia chochote, na aliyelijua hilo ni mimi peke yangu.

Mama alikaa Uvira, karibu na mto Mulongwe. Siku moja nilikuja kumsalimia kutoka Luberizi, nilikoolewa. Mchana natwanga sombe, majani ya muhogo, uani, namwona mbuzi anatafuna kitenge changu kipya kwenye kamba ya nguo. Loo! Nilimtupia mchi, ukampata mbavuni, naye ana mimba. Akakata kamba yake akakimbilia mlimani, mimi nyuma yake. Mama alikuwa ndani, hakuona kitu. Akatufuata akipiga kelele. Bado tunahema huko juu, mto ukashuka na mawe yake. Tuliporudi, matope yalikuwa yamefika madirishani.

"Mbuzi alisikia maji!" mama akawaambia majirani. "Ametuokoa!"

Nilitaka kusema ni mchi. Lakini kumpiga mbuzi mwenye mimba, tena wa mama yako? Nikaona haya, nikaitikia pamoja nao.

Tangu hapo, wingu likitanda milimani, majirani walipita kwa mama kuuliza, "Mbuzi iko namna gani?" Wakimkuta anakula, walirudi kwao wametulia. Mama alisimulia habari ile hata kanisani. Kila mwaka ilizidi kuwa vigumu kwangu kufungua kinywa.

Halafu ikaja asubuhi nyingine, mvua inapiga milimani tangu alfajiri. Nikampigia simu.

"Mama, toka. Panda mlimani."

"Weye unaogopa bure. Mbuzi iko nakula majani ya viazi, hata hainui kichwa. Miye niko naota moto."

Yalikuwa kwenye ncha ya ulimi: mama, siku ile nilimpiga. Maneno manne tu, mjinga mimi! Nikasema, "Sawa, mama."

Mto ukashuka tena. Mama alipatikana siku ya tatu, tukamzika. Mbuzi naye alikufa, kamba shingoni. Kwenye kilio watu walisema mnyama alikuwa amezeeka, masikio yamechoka. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu.

Baadaye akaja jirani mmoja, mbeba mizigo wa bandarini Kalundu. Asubuhi ile alipita kumwangalia mbuzi, akaenda kazini, akamwacha mkewe nyumbani. Mkewe hajaonekana hadi leo.

"Dada," akasema, "labda mbuzi alitoa ishara, na mimi sikuiona?"

Sikuweza tena. Nikamwambia yote: kitenge, mchi, mimba, na jinsi nilivyonyamaza. Akavua kofia yake, akauliza:

"Asubuhi ile uliongea na mama?"

"Niliongea naye, baba. Kwa simu."

"Na wakati wa kukimbilia mlimani ulikuwa bado upo?"

"Ulikuwepo."

Akainuka, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuniaga.